Nanga ya Paa Ndani ya Ukuta wa Udongo

Upepo wa kilometa 90 kwa saa ukipita juu ya nyumba unaweza kuvuta kila mita mraba ya paa kwenda juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Bati jembamba, pamoja na mbao zinazolibeba, mara nyingi halifikishi hata kilo 15. Mlango unaoelekea upepo ukiachwa wazi mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa hewa inayoingia hulisukuma paa kutoka chini huku ile ya juu ikilifyonza. Kingo na pembe ndizo huumia kwanza.

Katika nyumba zetu za miti na udongo, jibu liko kwenye nguzo. Imechimbiwa ardhini, na juu ina panda ya kupokea mwamba. Makombamoyo yakifungwa barabara kwenye mwamba, na mwamba kwenye nguzo, paa limeshikwa na ardhi yenyewe. Udongo kazi yake ni kuziba tu.

Ipo nyumba ya udongo isiyo na nguzo hata moja. Watu wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, wameijenga kwa karne nyingi na huiita kobu. Udongo wa mfinyanzi, mchanga na mabua makavu hukanyagwa pamoja, kisha hupandishwa tabaka juu ya tabaka, bila tofali, mpaka upatikane ukuta mzito wenye unene wa sentimeta 60 hivi. Hayes Barton, nyumba ya karne ya 16 inayotajwa kuwa ndiko alikozaliwa baharia Mwingereza Walter Raleigh, ni ya kobu na ingali imesimama. Paa lake ni la nyasi nene zilizoshindiliwa, na paa la namna hiyo hujilinda kwa uzito wake. Ujenzi huu ulipofufuliwa Oregon, Marekani, kuanzia mwaka 1989, na ukaenea kwa watu wanaoezeka kwa vitu vyepesi, swali la kulishika paa likawa zito.

Udongo mkavu hustahimili sana kugandamizwa, lakini ukivutwa huachana upesi. Ndiyo maana msumari uliopigiliwa juu ya ukuta hauna msaada: hung'oka na kipande cha udongo, paa likaondoka nao. Dawa yake ni nanga. Ukuta unapokaribia kimo chake, kipande cha mti mgumu kilichokauka vizuri hulazwa ndani yake, sentimeta 60 hivi chini ya usawa utakaokaliwa na mwamba. Waya mnene au ukanda wa chuma huzungushwa kwenye mti huo na ncha zake huachwa zikichomoza juu, kisha ujenzi huendelea na kuufunika. Paa likivutwa, nanga hujaribu kupanda, lakini juu yake kuna udongo unaoilemea. Sasa udongo unagandamizwa, kazi unayoiweza.

Hesabu inatia moyo. Ukuta wa unene wa sentimeta 45 una, kwa kila mita moja ya urefu, zaidi ya kilo 450 za udongo juu ya nanga iliyozikwa kina hicho. Nyumba ya mita 4 kwa 6, yenye paa la mita mraba 37 pamoja na kingo zake, itavutwa na upepo tuliouanza nao kwa nguvu ya kama tani moja na nusu. Nanga zikiwekwa moja kila mita kwenye kuta mbili ndefu zinashika zaidi ya tani 5. Ziada hiyo inahitajika, kwa sababu ya pembe na kwa sababu upepo huja kwa mikupuo.

Mafundi wengi huharakisha kukaza waya, na hapo ndipo pa kuwa na subira. Kobu hunywea inapokauka. Waya uliokazwa ukuta ukiwa bado mbichi utalegea baada ya miezi kadhaa, na paa lililolegea hugongagonga na kuuvunja ukuta kidogo kidogo. Acheni ukuta ukauke, ndipo mkaze waya kwa kuusokota na kijiti, na mkague tena baada ya msimu mmoja wa mvua.

Maji ndiyo adui mwingine. Ukuta ukilowa hupoteza nguvu, nao mti wa nanga huoza bila kuonekana. Kingo za paa zitokeze vya kutosha, ukuta ukae juu ya msingi wa mawe, na nje upigwe lipu ya chokaa au ya udongo. Lipu ya saruji hufungia unyevu ndani. Huko Devon imeangusha kuta zilizokuwa zimedumu mamia ya miaka.