ASALI YA UFIPA: MAJI HUSHUSHA BEI KABLA YA MIZANI

Na Mwandishi Wetu

Wafugaji wa nyuki na wafanyabiashara wa asali wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wanayo bidhaa inayotakiwa sokoni, lakini bidhaa hiyo huweza kupoteza thamani yake kabla hata ya kufika Tunduma. Lawama hutupiwa usafiri, ushuru na walanguzi. Mara nyingi, hata hivyo, adui yumo ndani ya ndoo yenyewe: ni maji. Mnunuzi wa mjini anapofungua kifuniko akakuta povu na harufu ya pombe, hana haja ya kusikiliza maelezo. Hupunguza bei au hugeuza gari.

Ukurasa huu wiki hii unaitazama kazi moja ambayo mfugaji au kikundi chaweza kuifanya bila kusubiri mfadhili. Kazi hiyo ni kupima maji yaliyomo katika asali ingali ndani ya masega, na kuyapunguza kabla ya kukamua.

KIWANGO CHA SOKO

Kiwango cha kimataifa cha asali, kinachotolewa na tume ya Codex Alimentarius, kinataka maji yasizidi asilimia 20. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2001, unashika kiwango hicho hicho kwa asali ya kawaida ya mezani. Asali inayozidi hapo haina njia ya kuingia huko kama asali ya mezani, hata ikiwa tamu namna gani.

Hata hivyo asilimia 20 ni ukomo wa sheria tu, na asali iliyo chini yake kidogo bado yaweza kuharibika. Ndani ya asali yote mna hamira za asili ambazo hulala maji yakiwa machache na huamka yakiongezeka. Utafiti uliofanywa Canada miaka ya 1930 ulionyesha kuwa asali yenye maji chini ya asilimia 17.1 haichachi kwa mwaka mzima, hata hamira zikiwa nyingi. Ikifika kati ya asilimia 18 na 19, hamira chache tu zatosha kuiharibu. Ikipita 20, haina usalama tena. Ndiyo maana mfanyabiashara makini hutafuta asali ya asilimia 18 au chini yake, apate nafasi ya kuisafirisha na kuiweka ghalani.

Kwa mtu wa Rukwa nafasi hiyo ni ya lazima. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,000. Asali inayotoka kwenye baridi ya uwanda ikashuka hadi joto la pwani itachacha upesi kama ilipakiwa ikiwa na maji mengi.

UFIPA SI INYONGA

Kabla ya mwaka 2012, asali ya Mpanda na Inyonga ilihesabiwa kuwa asali ya Rukwa. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa, misitu mikubwa ya miombo ya huko ilikwenda na mkoa mpya. Uwanda wa Ufipa uliobaki una mashamba mengi ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, pamoja na misitu kama ile ya milima ya Mbizi na miombo ya miteremkoni. Kwa wingi wa asali, Ufipa haiwezi kushindana na majirani zake. Njia iliyobaki ni kushindana kwa ubora.

Hali ya hewa nayo ina yake. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Asali hupokea maji kutoka hewani, na huyatoa pia, kufuatana na unyevu wa hewa. Vipimo vya kitaalamu vinaonyesha kuwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 60, asali hutulia kwenye maji ya asilimia 18 hivi. Hewa ikiwa na unyevu wa 70, asali iliyo wazi itaendelea kunywa maji mpaka ipite 24. Hewa ikishuka chini ya 55, asali hukauka. Mtu anayeacha ndoo wazi usiku wa masika, kwa hiyo, anaongeza maji kwa mikono yake mwenyewe.

Baridi ya uwanda huleta jambo la pili, nalo ni kuganda. Asali huganda upesi zaidi kwenye joto la nyuzi 14 hivi, na ile ya alizeti huganda haraka kuliko nyingine nyingi. Kuganda si dalili ya kuchanganywa na sukari, kama wanunuzi wengine wanavyodhani. Lakini sukari inapojitenga na kuwa chembe, sehemu ya majimaji inayobaki huwa na maji mengi kuliko awali, na hapo ndipo hamira huanza kazi. Asali iliyokaribia mpaka ikiwa nyororo huweza kuuvuka mpaka huo ikiganda.

KWA NINI HURINWA MBICHI

Nyuki huleta nekta ambayo huweza kuwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Huipunga kwa mbawa zao hadi ishuke chini ya asilimia 20, kisha hulifunika kila tundu la sega kwa nta. Sega lililofunikwa ndilo limeiva. Wafugaji wanalijua hilo tangu zamani.

Tatizo basi si ujinga. Mfugaji mwenye mizinga porini anaogopa wezi, nyegere na moto wa kiangazi. Ada za shule nazo hazingoji nta. Akichelewa wiki mbili anaweza kukuta mzinga mtupu, hivyo hurina masega yaliyofunikwa pamoja na yasiyofunikwa na kuyakamua chombo kimoja. Zaidi ya hapo, ndoo huuzwa kwa ujazo au kwa uzito, na maji nayo yana uzito. Asiye na kipimo analipwa sawa na aliyesubiri, au zaidi.

Mnunuzi naye anajua hivyo. Kwa kuwa hana namna ya kutambua ndoo ipi ni nzuri, huzipangia zote bei ya ile mbaya. Hapo mfugaji mwadilifu ndiye anayelipia ubichi wa asali ya jirani yake. Bila kipimo, soko halina sababu ya kulipa subira.

JINSI YA KUPIMA

Njia ya kwanza ni macho na mkono. Kwa mizinga ya fremu, chukua sega ambalo angalau robo tatu yake imefunikwa. Lishike kwa ulalo na ulitikise mara moja kwa nguvu: matone yakiruka kutoka kwenye matundu yaliyo wazi, hiyo bado ni nekta. Kwa mizinga ya viunzi na ya magogo, kata sehemu iliyo wazi na uiweke chombo cha peke yake. Majana na chavua visiingie kabisa.

Njia hii inasaidia, lakini haitoshi. Katika majira ya unyevu, hata asali iliyofunikwa huweza kuzidi kiwango. Vile vile, mbinu za kuchovya njiti ya kiberiti au kudondosha asali kwenye maji hazipimi asilimia ya maji, na mtu asipange bei kwa kuzitegemea.

Kipimo cha kuaminika ni refraktomita ya asali. Ni kifaa kidogo cha mkononi kisichohitaji umeme, kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya asali. Asali yenye maji ya asilimia 17 kwenye joto la nyuzi 20 ina kipimo cha mwanga cha 1.4890, na yenye asilimia 20 ina 1.4815. Mtumiaji hana haja ya kukariri tarakimu hizo, kwani kifaa cha asali huonyesha asilimia moja kwa moja.

Toboa nta mahali kadhaa kwenye sega, chukua asali kidogo, weka tone kwenye kioo kilicho kikavu kabisa, funika, subiri nusu dakika, kisha tazama kuelekea mwanga. Pima masega ya juu, ya kati na ya pembeni, maana sega moja halisemi kwa niaba ya mzinga mzima. Asali iliyoganda haisomeki vizuri. Ipashe moto kidogo ndani ya chombo kilichozibwa ili maji yasitoke, iache ipoe, ndipo upime.

Joto nalo huangaliwa. Kifaa kisichojirekebisha hukosea kwa takriban asilimia 0.1 ya maji kwa kila nyuzi moja mbali na 20. Asubuhi ya Juni mjini Sumbawanga, kwenye nyuzi 12, asali itaonekana kavu kuliko ilivyo. Mchana katika bonde la Ziwa Rukwa, kwenye nyuzi 30, itaonekana mbichi kwa karibu asilimia 1 nzima. Muuzaji na mnunuzi wasipopima kwa kifaa kinachojirekebisha, au wakiwa sehemu mbili zenye joto tofauti, watagombana bure.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma isipimwe kwa kipimo hiki cha biashara, wala isichanganywe na nyingine. Kwa asili yake ina maji mengi zaidi, na ina wateja wake.

KUKAUSHA KABLA YA KUKAMUA

Masega yakisoma 19 au 20, kuna nafasi ya kuyarekebisha kabla ya kukamua. Asali iliyo ndani ya sega imetandazwa kwenye matundu maelfu, hewa huifikia kwa urahisi. Ikishaingia kwenye pipa, kazi huwa ngumu mara nyingi zaidi.

Kinachohitajika ni chumba kidogo kisichoingiza nyuki, joto la nyuzi 30 hadi 35, na hewa inayotembea. Visanduku vya masega vipangwe kimoja juu ya kingine, lakini viinuliwe kutoka sakafuni ili hewa ipite katikati. Hewa yenye unyevu iachiwe tundu la kutokea juu, la sivyo maji yatazunguka chumbani humo humo.

Hapa ndipo baridi ya Ufipa inapogeuka kuwa msaada. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa moto hadi nyuzi 30, unyevu wake hushuka hadi asilimia 32 hivi bila mashine yoyote ya kukausha. Hata hewa ya masika ya nyuzi 20 yenye unyevu wa 90 ikipashwa hadi 33, hushuka karibu na 42. Chumba chenye bati jeusi upande wa jua, au joto la umeme na feni kwa walio mjini, kinatosha. Jiko la mkaa lisilo na bomba la nje halifai: asali hunasa moshi, na moto wenyewe hutoa mvuke.

Pima asubuhi na jioni, na usimamishe kazi ukifika 17.5 au 18. Masega yaliyo wazi hukauka upesi, yaliyofunikwa huchelewa kwa kuwa nta huzuia. Joto lisizidi 35, maana masega huanza kulegea.

Wapo wanaochemsha asali kwenye sufuria ili maji yatoke. Huo ni ubadhirifu. Moto mkali hupunguza maji kweli, lakini huunguza harufu, hutia weusi na kuongeza kemikali ya HMF, ambayo maabara za wanunuzi huipima. Codex huruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Asali iliyochemshwa huweza kupita hapo na kukataliwa.

HESABU YA MFUKONI

Kilo 100 za asali yenye maji ya asilimia 21 zikikaushwa hadi 18, hubaki kilo 96 na gramu 340. Zilizopotea ni kilo 3.66 za maji. Ili mfugaji asipate hasara, bei ya kilo inatakiwa ipande kwa shilingi 4 tu katika kila 100. Chochote juu ya hapo, baada ya gharama za chumba, ni faida. Lakini mnunuzi asipotaka kulipa hata hizo 4, asishangae kuletewa maji.

Hesabu ya kuchanganya nayo ni ya kuogopwa. Ndoo tatu za asilimia 18 zikimiminwa pamoja na mbili za 24, mchanganyiko wote huwa 20.4, yaani ndoo mbili zimezitoa tano sokoni. Ndiyo sababu kipimo kinatakiwa kije kabla ya kukamua na siyo baada yake. Hata ndani ya tangi, asali yenye maji zaidi ni nyepesi na hupanda juu, kwa hiyo anayepima kutoka bomba la chini hujidanganya. Koroga kwanza, au pima juu na chini.

Kwa vikundi vya Ufipa, refraktomita moja ya pamoja, daftari la vipimo na karatasi yenye namba juu ya kila ndoo ni mtaji mdogo kuliko gari. Afisa Nyuki wa wilaya anaweza kuhakiki kifaa mwanzoni mwa msimu. Mnunuzi akija, aanze kuonyeshwa daftari, apime ndoo yoyote atakayoichagua mwenyewe, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Na aliyesubiri nta alipwe zaidi ya aliyerina mbichi, siku hiyo hiyo na mbele ya wenzake. Msimu ujao wengi watasubiri.