TUTAFUTE HABARI ZA UKOO WETU

Je, unajua babu yako alizaliwa mwaka gani? Wengi wetu hapa Busunzu hatujui. Hebu tuone sababu yake.

Kwa nini hatujui?

Waingereza walitunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo katika Tanganyika mwaka 1920. Wakati huo Buha ilikuwa bado chini ya Wabelgiji. Waingereza waliichukua mwaka 1921. Hata hivyo, Waafrika wa vijijini hawakulazimishwa kuandikisha watoto wao. Mkoloni alimwandika Mwafrika alipotaka kodi au kazi yake. Kwa hiyo, jina la babu huenda halimo katika daftari la vizazi. Lakini huenda limo mahali pengine.

Tutafute wapi?

1. Nyumbani. Fungua sanduku la zamani. Tafuta stakabadhi za kodi, vyeti na vipande vya kazi. Wanaume wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga.

2. Misheni. Daftari la ubatizo huonyesha jina la mtoto, majina ya wazazi wake na tarehe.

3. Kwa wazee. Usiulize mwaka tu. Uliza hivi: "Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, mama alikuwa amekwisha olewa? Wakati wa Operesheni Kigoma, mwaka 1972, tulipohamia vijijini, kaka alibebwa mgongoni au alitembea mwenyewe?" Andika majibu yote.

Jihadhari! Karani wa zamani aliandika jina kama alivyolisikia. Jina moja laweza kuandikwa kwa njia mbili au tatu. Tena, Waha wa baba mmoja mara nyingi wana majina tofauti kabisa. Miaka mingine ilikisiwa tu. Linganisha karatasi na maneno ya wazee.

Kuna faida gani?

Wilaya yetu ya Kibondo imepakana na Burundi. Unapoomba kitambulisho cha taifa, waweza kuulizwa wazazi wako walizaliwa wapi. Katika mirathi pia, watoto hutakiwa kuonyesha kwamba marehemu ni mzazi wao. Asiye na karatasi hupata taabu, hata kama kijiji kizima kinamjua.

Tufanye nini sasa?

Tusiwaachie wajukuu wetu taabu hii. Mtoto akizaliwa, mwandikishe kabla ya siku 90 kwisha. Mtu akifa, andikisha kifo chake kabla ya siku 30 kwisha. Tangu mwaka 2006 kazi hii inasimamiwa na RITA. Mwulize Afisa Mtendaji wa Kijiji upeleke karatasi zako wapi. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari, uandike majina ya ukoo wako leo, wazee wangali hai.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini babu zetu wengi hawakuandikwa?
2. Ni mzee gani utakayemwuliza kwanza? Utamwuliza nini?