Nguo ya Kunyunyizia Dawa

Ndugu mkulima wa Shimoni, mikorosho ikianza kutoa maua, na kusi bado inavuma, bomba la mgongoni hutolewa stoo na shati kuukuu hutolewa sandukuni. Wengi hudhani kuwa shati lolote la mikono mirefu ni kinga. Sivyo.

Dawa nyingi za wadudu hazingoji kumezwa. Hupita katika ngozi. Mwaka 1971 Bwana Maibach na wenzake, wataalamu wa ngozi wa Marekani, walitoa habari za majaribio yao ya dawa iitwayo parathion. Chini ya kiwiko iliingia kama sehemu 9 tu katika kila 100. Kichwani, penye nywele, iliingia 32, na kwapani 64. Katika ngozi ya korodani iliingia karibu yote. Sasa fikiri juu ya bomba linalovuja mfunikoni: maji yake hufuata uti wa mgongo mpaka ndani ya suruali.

Pamba ni nguo njema kwa jasho, lakini hunyonya. Ikiloa dawa hushika mwilini kutwa nzima, kama kitambaa alichokufunga mganga. Plastiki haipitishi kitu, bali ivae hapa kwetu saa nne ya asubuhi, na lita 16 mgongoni, uone kama utamaliza mistari miwili. Anayekuambia uivae siku nzima hajawahi kubeba bomba.

Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia ya katikati. Huko Brazil, nchi ya joto kama yetu, hutumiwa nguo za pamba iliyochanganywa na polyesta, zikatiwa dawa ya kufukuza maji, hata tone likateleza kama juu ya jani la jimbi, na hewa ikapita. Namna ya kuzipima ni rahisi: tone la dawa huwekwa juu ya kitambaa, chini yake karatasi ya kunyonya, kisha hupimwa kilichoteleza, kilichobaki na kilichopenya. Kanuni ya mataifa, ISO 27065 ya mwaka 2017, imezigawa nguo hizi daraja tatu, C1, C2 na C3. C3 ndiyo isiyopenyeka.

Wakati wa kuchanganya ndio wa hatari zaidi, kwa maana dawa haijatiwa maji. Hapo vaa aproni ya plastiki na glavu ndefu za mpira wa nitraili zisizo na kitambaa ndani. Viatu viwe vya mpira, kwa kuwa ngozi hunywa dawa, na suruali ianguke nje ya kiatu, isichomekwe ndani.

Jioni nguo hiyo ifuliwe peke yake, wala isitiwe beseni moja na nguo za mtoto. Anayeifua naye avae glavu. Ikiwa ni ile ya kufukuza maji, jaribu tone la maji safi baada ya kuifua mara kadhaa. Tone likinywewa, kinga imekwisha.