Karata, almasi na feza ya nyumba

Muchimbaji wa Kisangani anajua bahati kuliko mutu wa ofisi. Mumoja anafukua miezi tatu upande wa Banalia ao Bafwasende, hapati hata jiwe ya kununua sabuni. Mwenzake anashuka siku mbili tu, anapanda na almasi. Sisi hatuko na mushahara wa mwisho wa mwezi, tuko na siku ya jiwe. Na siku ile, mbele feza ifike ku nyumba Mangobo ao Lubunga, inapita kwanza pembeni ya meza ya karata.

Kazi ya sendika haiko kukataza watu wakubwa kucheza. Lakini wamama wanakuja kutuuliza feza ya shule ilienda wapi, na wako na haki ya kuuliza. Basi, wandugu, kama mutu anacheza, ajue kwanza muchezo wenyewe.

Tukamate poka, yenye vijana wanaangalia sana ku telefone. Karata ni 52. Kila mutu anapewa mbili za kuficha, kiisha tano zinawekwa katikati kwa wote. Kupewa karata mbili za namna moja inafika mara moja tu kwa 17. Kupewa ase mbili, mara moja kwa 221. Njo maana wenye kujua ile kazi wanatupa karata karibu kila mara, wanakaa kimya, wanaangalia wengine. Kwetu mutu anaona haya kutupa. Anasema: nilikuja kucheza, sikuja kuangalia. Ule njo analisha meza.

Kiisha kuna hesabu. Tuseme karata ine ziko wazi katikati, inabakia moja. Uko na kopa mbili mukononi na mbili ziko ku meza. Ukipata ya tano, unashinda. Karata 46 haujaziona, kopa ndani yake ni 9, ni kusema karibu mara moja kwa tano. Ku meza kuko franka 20.000, mwenzako anaongeza 10.000. Unaombwa 10.000 juu ya kukamata 30.000: ili usipoteze, unapashwa kushinda mara moja kwa ine. Haifiki, tupa. Lakini kama aliongeza 5.000 tu, unalipa 5.000 juu ya 25.000, mara moja kwa sita inatosha. Lipa. Karata ni zilezile, ni bei njo imebadilika.

Sasa, ulilipa vibaya, na kopa ikatoka. Ukashinda. Mama Annie Duke wa Marekani, muchezaji mwenye jina, aliandika kitabu mwaka wa 2018 juu ya ile mutego: mutu anapima akili yake na matokeo. Kushinda haionyeshe kwamba uliamua vizuri. Ku kariere tunafanya vilevile: mutu anachimba bila kuegemeza ukuta, haumuangukii, kesho anasema ukuta hauna shida.

Kitu kingine ni hasira. Mutu aliyepoteza anataka kurudisha feza yake usiku uleule, na pale haesabu tena. Mwenye meza anamujua vizuri, anamuletea na kinywaji. Ule mwenye meza tumuangalie sana: kama anakata kidogo ku kila muchezo, hata mukiwa na akili sawasawa, asubuhi ninyi wote mumepungukiwa, yeye peke yake ameongezeka. Watu wanasimulia Chris Moneymaker, aliyekamata dolare milioni 2,5 ku Las Vegas mwaka wa 2003. Ni kweli. Waliingia watu 839. Ile feza aliikamata mumoja.

Kwa hiyo feza ya kucheza igawanywe mbele, siku ya jiwe, na bibi akiwa pale: ya shule, ya chakula, ya likelemba, ya kurudia shimo. Yenye inabakia njo ya karata. Ikiisha, simama, hata kama ni saa mbili ya usiku na wenzako wanakucheka. Na usikopeshe feza ku meza, hata ya ndugu yako.

Mahali akili ya poka ingetusaidia kweli ni ku kuuzisha almasi, na pale njo hatuitumiki. Munununuzi ako na mizani, ako na lupu, anajua bei ya inje. Wewe uko na njaa, na anaiona ku uso wako. Tunaenda kila mumoja peke yake, tunataja bei wa kwanza. Muende wawili ao watatu. Mupatane bei ya chini mbele ya kuingia, mumuache yeye aseme wa kwanza. Mule chakula mbele ya kwenda. Na kama bei yake haifiki, mukamate jiwe yenu, museme asante, mupite kwa munununuzi mwengine wa barabara ileile.