Kabla ya Kupanda Mlima Kilimanjaro



Wapendwa wasomaji, ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia malaria, kuharisha na chanjo za watoto. Mwezi huu tunatoka kidogo katika njia hiyo. Vijana wa parokia zetu, kuanzia huku Litumbandyosi hadi kule ufukweni Mbamba Bay, wameshikwa na hamu ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine wanaweka akiba ya fedha za kahawa, wengine wanataka kwenda pamoja na walimu wao, na wazazi wanatuuliza swali moja tu: je, mlima ule unaua? Jibu ni kwamba unaweza kuua, hata mtu mwenye nguvu kama ng'ombe. Lakini vifo vingi vya ugonjwa wa mlimani vinazuilika, kama dalili zikijulikana mapema na mgonjwa akashushwa bila kubishana.

Tuanze na urefu wenyewe. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Nyasa yako chini kidogo ya mita 500. Hata vilima vyetu vya Umatengo, vinavyotufanya tujione watu wa milimani, havifiki nusu ya kilele kile. Kwa hiyo kijana asijidanganye kwamba kwa kuwa amezoea kupandisha na kushusha mashamba ya ngolo, basi mlima umemzoea. Miguu yake itamsaidia sana. Mapafu na ubongo wake bado ni wageni.

Watu husema huko juu hakuna oksijeni. Si kweli hasa. Katika kila sehemu 100 za hewa, karibu 21 ni oksijeni, pwani na kileleni sawasawa. Tofauti ni uzito. Fikirini mablanketi yaliyopangwa moja juu ya jingine: la chini limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu kabisa limelegea. Ndivyo ilivyo hewa. Sisi huku chini tunavuta hewa iliyobanwa. Kileleni hewa imelegea, na kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata pwani.

Mwili ukipewa siku kadhaa hujifunza kuishi hivyo. Pumzi huongezeka, moyo huenda mbio zaidi, na hata mkojo huwa mwingi. Ukiharakishwa, hushindwa. Hapo ndipo huanza ugonjwa wa mlimani: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Dalili hizi huanza saa chache baada ya kufika mahali pa juu, mara nyingi usiku wa kwanza. Mwenye dalili hizo asipande zaidi. Apumzike palepale, anywe maji, ameze parasetamo. Akipona, ataendelea, akizidiwa, ashuke.

Kuna hali mbili za hatari zaidi, na hizi tunaomba kila anayekwenda azishike kichwani. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, huongea maneno yasiyoeleweka, au hukaa kimya na kusinzia. Mwambieni atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, msingoje asubuhi. Ya pili ni maji kujaa katika mapafu. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo hubadilika rangi, na baadaye hutoa povu lenye wekundu. Katika hali zote mbili tiba ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku wa manane, hata kama zimebaki hatua chache kufika. Oksijeni na dawa husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka. Wala asiachwe ashuke peke yake.

Sasa ratiba. Njia ya Marangu huanzia getini, karibu mita 1,900. Siku ya kwanza watu hulala Mandara, karibu mita 2,700; ya pili Horombo, karibu 3,700; ya tatu Kibo, karibu 4,700; na usiku huohuo wa manane huanza kwenda kileleni. Waganga wa magonjwa ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Mtaona wenyewe kwamba Marangu hupanda mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu safari ya siku tano, ambayo ni rahisi kwa bei, ndiyo inayorudisha wengi njiani. Lipeni siku ya sita, mlale Horombo mara mbili. Njia ndefu kama ya Lemosho ni bora zaidi kwa mwili, ila gharama yake ni kubwa. Kama fedha za siku ya sita hazipo, afadhali familia iende Mandara tu, itazame kreta ya Maundi iliyo karibu na hapo, na kurudi. Ni safari nzuri sana, na watoto wakubwa wanaiweza.

Iko dawa ya kinga iitwayo asetazolamaidi, ambayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Husaidia, lakini haifai kwa kila mtu, hasa aliyewahi kudhurika kwa dawa za salfa. Msiinunue dukani kwa kusikia, mwoneni mganga. Pombe na dawa za usingizi ziachwe kabisa huko juu, kwa sababu hupunguza pumzi usiku.

Nani asiende? Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kabisa. Yule aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu huishi bila shida huku kwetu, lakini huko juu bandama lake laweza kuumia. Akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ashuke. Mama mjamzito angoje. Wenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, pumu, kifafa au kisukari waonane na mganga kwanza. Wenye kutumia dawa za kila siku wachukue za kutosha, na za ziada.

Jambo letu sisi watu wa ziwani ni malaria. Mtu huumwa na mbu nyumbani, ugonjwa hutokea siku saba au zaidi baadaye, yaani yuko Horombo. Kichwa kinauma, anatapika, wenzake wanasema ni mlima. Homa kali si dalili ya kawaida ya ugonjwa wa mlimani. Ashuke, apimwe damu. Na kabla ya safari apimwe wingi wa damu, kwa maana safura na malaria za mara kwa mara hupunguza damu, na mwenye damu pungufu hana akiba ya kupelekea mwili oksijeni.

Usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya sifuri, na upepo ni mkali. Nguo za pamba zikilowa jasho huwa adui. Tafuteni sweta za sufu na koti la kuzuia upepo. Mitumba ya Songea inatosha kabisa. Miwani ya jua ni lazima, kwa sababu theluji humulika macho.

Neno moja kwa vijana wanaokwenda Moshi kutafuta kazi ya upagazi. Mlima hauchagui mgeni wala mpagazi. Mpagazi mwenye kichwa kinachouma na viatu vilivyotoboka ana haki ya kusema hawezi, na ana haki ya kushushwa kama mgeni aliyelipa.

Kurudi njiani si aibu. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa ameshindwa na kurudi mwaka 1887.

Kuhusu majira, Juni hadi Oktoba ni kikavu kule. Kwetu Juni na Julai mikono iko kwenye kahawa na mahindi, kwa hiyo Septemba inafaa zaidi. Basi la kutoka Mbinga huchosha. Mkifika Moshi, laleni siku mbili kabla ya kwenda getini. Anayetaka kupimwa aje hospitali mwezi mmoja kabla, asubuhi, akiwa na daftari lake la matibabu.