Bawaba ya Mlango na Uhuru wa Aina Sita

Je, wajua kwamba kitu kigumu kisichofungwa popote kina uhuru wa aina sita tu? Tazama mashua baharini. Husonga mbele na nyuma, husukumwa upande kwa upande, hupanda na kushuka na mawimbi. Hizo ni aina tatu. Kisha huinua omo na kuizamisha, huenda mrama, hugeuza uelekeo. Hizo ni tatu nyingine. Ya saba hakuna.

Anayebuni mashine kwa kompyuta huanza na hesabu hiyo. Kila kipande anachokiingiza kwenye programu huelea kama mashua isiyo na nanga. Nati haijui bolti iko wapi. Angeweza kukipangia kila kipande mahali pake kwa namba, lakini siku atakapoongeza unene wa ubao mmoja, vyote vilivyokaa juu yake vitazama ndani ya ubao huo. Kwa hiyo hatumii namba za mahali, hutumia masharti: hueleza kipande kinahusianaje na jirani yake. Jirani akihama, nacho humfuata.

Chukua bawaba ya mlango: mabati mawili, kila moja na neli yake, na pini inayopita katikati. Bati la kwanza hukitwa lisisogee kabisa. La pili bado lina uhuru wote sita. Sharti la kwanza: mhimili wa neli yake ulingane na mhimili wa neli ya mwenzake. Kwa sharti hilo moja, aina nne za uhuru zimekwisha; limebaki kuteleza kwa urefu wa pini na kuizunguka. Sharti la pili: ukingo wa neli yake uguse ukingo wa neli ya jirani. Kuteleza kumekwisha. Umebaki uhuru mmoja, wa kuzunguka, na huo ndio mlango unaouhitaji.

Kila sharti hugeuzwa kuwa milinganyo, na kompyuta huitatua yote kwa pamoja kila kipimo kinapobadilika. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake ya Sketchpad kwenye kompyuta iliyoitwa TX-2. Alichora kwa kalamu ya nuru mistari iliyokaa ovyo, akaiambia mashine ipi iwe sambamba na ipi ilingane kwa urefu, nayo ikairekebisha. Leo hata programu ya bure ya FreeCAD, tangu toleo lake la 1.0 la mwaka 2024, ina sehemu yake ya kuunganisha vipande kwa masharti.

Ugumu upo kwenye kipimo cha masharti. Yakipungua, kipande huhamahama. Yakizidi, shida hujificha. Kigoda cha miguu mitatu hutulia hata kwenye sakafu yenye mabonde. Cha minne hutikisika, kwa kuwa mguu wa nne unaamua upya jambo ambalo mitatu imeshaliamua.

Mlango nao ni hivyo hivyo. Kwa hesabu, bawaba moja yatosha kuuongoza. Ya pili na ya tatu huongezwa kwa sababu mlango ni mzito, na kila moja huja na masharti yaleyale. Kwenye skrini mihimili yote mitatu hulala kwenye mstari mmoja bila kasoro, na kompyuta hailalamiki. Kwenye mbao, patasi ikizidisha milimita mbili, bawaba tatu huvutana na mlango hukwama. Basi kabla hujazilaumu bawaba, weka rula ndefu kwenye pini zake. Huenda zote ni nzima, ila kila moja inauzungusha mlango kwa mhimili wake.