Jina Liandikwalo na Jina Lisemwalo: Tahajia ya Kikuyu katika Sehemu za Ruiru na Thika

1. Utangulizi

Siku moja nilikuwa nimeketi miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakingojea zamu zao hapa Kimbo, kando ya barabara iendayo Thika kutoka Ruiru. Karani mmoja kijana, mgeni katika sehemu hizi, aliita majina kwa kufuata orodha yake. Aliita "Njuguna", kwa u mbili zilizo wazi kama zile za neno njugu. Hakuna aliyeitika. Akaita tena, kisha akalikata jina lile kwa kalamu na kuendelea. Baada ya saa nzima, mzee aliyeketi karibu nami alisimama kuuliza kwa nini haitwi. Nilipoitazama kadi yake nikaona kwamba ndiye hasa aliyekuwa ameitwa. Mzee yule hakuwa kiziwi. Jina lake kamili ni Njũgũna, na wenyeji hulitamka takriban "Njoghona". Alikuwa akiingojea sauti aliyoizoea tangu utotoni, na sauti hiyo haikusikika.

Husemwa mara nyingi kwamba Kikuyu "hakisomwi kama kiandikwavyo". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo haina msingi. Tahajia ya Kikuyu ina utaratibu wake. Linaloivuruga ni mambo mawili: kuisoma kwa kanuni za lugha nyingine, na kuziondoa alama zake.

2. Konsonanti

Tuanze na Thika. Msomaji wa Kiswahili akiona th hutamka sauti ya thelathini, ambayo haina mghuno. Katika Kikuyu herufi hizo mbili huwakilisha sauti yenye mghuno, kama dh ya dhahabu. Kadhalika, g isiyotanguliwa na n si kipasuo, bali hukaribia gh ya ghali. Na b isiyotanguliwa na m hutamkwa bila midomo kufungika sawasawa. Herufi c hutamkwa na wengi kama sh, ingawa matamshi yake hutofautiana kwa lahaja. Hivyo jina Wacera, ambalo pengine huandikwa Wachera, husikika "Washera". Kibainishi cha ng' nacho kina kazi ile ile kama katika ng'ombe, na aandikaye "Muranga" badala ya Mũrang'a amebadili konsonanti nzima.

Lipo jambo jingine liwatatizalo wageni. Kwa nini husemwa Gatũndũ na Githunguri kwa g, lakini Kabete, Karuri na Kiambu kwa k? Jibu limo katika kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, k ya kiambishi hugeuka kuwa g endapo silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti isiyo na mghuno. Th nayo huisababisha kanuni hii, ijapokuwa leo ina mghuno, kwa sababu asili yake ni konsonanti isiyo na mghuno. Hata jina la lugha yenyewe linaifuata: wenyewe husema Gĩkũyũ, hali umbo la Kiswahili, Kikuyu, limebaki na k.

3. Irabu saba

Tatizo kubwa zaidi liko katika irabu. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba lugha mame ya Kibantu ilikuwa na irabu saba. Kiswahili kimebaki na tano; Kikuyu kimezihifadhi zote saba. Kwa kuwa alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu, tahajia ya Kikuyu iliongeza mbili, ĩ na ũ, kwa kutumia tilda, yaani kialama kama wimbi juu ya herufi. Sikioni mwa Mswahili, ĩ hukaribia e na ũ hukaribia o, ingawa Kikuyu kina e na o nyingine zilizo wazi zaidi. Kwa hiyo mũndũ (mtu) husikika kama "mondo", mũtĩ (mti) kama "mote", na kĩndũ (kitu) kama "kendo". Katika neno mũtumia (mwanamke) u zote mbili zimo: ya kwanza ina tilda, ya pili haina, na matamshi yake ni mbalimbali.

Tofauti hii si ya pambo. Gũtũma ni kutuma. Gũtuma ni kushona. Ukiiondoa tilda, maneno yote mawili huwa "gutuma", na msomaji hana budi kubahatisha. Inapendeza kuona kwamba Kiswahili, kilichozipoteza irabu hizo mbili, kimeacha alama zake katika konsonanti. Penye ũ ya Kikuyu sisi tuna tuma. Penye u tuna fuma. Vivyo hivyo mbura ya Kikuyu, iliyomo katika jina Nyambura, ni mvua yetu: irabu ile ya juu ndiyo iliyoigeuza b kuwa v. Basi anayeifuta tilda anafuta pia ushahidi wa historia ya Kiswahili.

Jina Ruiru laweza kuwa mfano mwingine. Likiandikwa kwa ukamilifu ni Rũirũ, umbo lililo sawa na kivumishi chenye maana ya "-eusi" kinapofuata nomino kama rũũĩ, yaani mto. Kwenye bango la barabara, uhusiano huo hauonekani.

Ni kweli kwamba tilda haimalizi kila tatizo. Lilias Armstrong, katika uchunguzi wake uliochapishwa 1940, alionyesha uzito wa toni katika Kikuyu, na toni haziandikwi. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, katika Decolonising the Mind (1986), alieleza kwamba tahajia iliyopo humwachia msomaji kukisia urefu wa irabu. Lakini upungufu wa alama si sababu ya kuzitupa zile zilizopo.

4. Mfano wa Kiayalandi

Nilipokuwa nikisoma shahada ya pili ng'ambo, niliishi jirani na mwanafunzi Mwayalandi aliyeitwa Siobhán. Kwa miezi miwili nililisoma jina lake herufi kwa herufi, naye akanivumilia. Kisha akanifundisha: s mbele ya i ni sh, na bh ni v, jina ni "Shivoon". Kumbe palikuwa na utaratibu, ila nilikuwa nikiusoma kwa macho ya lugha nyingine. Zamani, katika maandishi ya Kiayalandi, b ya namna hiyo iliwekewa nukta juu yake. Katika karne ya 20, herufi za kale zilipoachwa na zile za Kirumi kushika mahali pake, nukta ile haikufutwa tu, bali iliwekewa h badala yake. Kikuyu hakikubahatika hivyo. Taipureta za ofisini hazikuwa na tilda, na mahali pake hapakuwekwa kitu.

5. Hitimisho

Sababu hiyo ya mashine haipo tena, kwani kompyuta na simu za leo zaweza kuandika ĩ na ũ. Inatupasa sisi walimu wa isimu kusisitiza mambo mawili. Kwanza, majina ya watu na mahali yaandikwe kwa alama zake katika orodha, ramani na vitabu. Pili, mwanafunzi wa Kiswahili afundishwe mapema kwamba herufi moja yaweza kuwa na sauti tofauti katika lugha jirani. Karani yule wa Kimbo hakuwa mzembe. Aliyasoma kwa uaminifu yaliyokuwa mbele yake, ila karatasi aliyopewa ilikuwa na irabu tano, na mzee aliyemngojea alikuwa na saba.